Koili ya Kichwa: Ifungwe au Irekebishike?

Mtu apitaye pembezoni mwa mashamba ya Rwamagasa au Katoro, mkoani Geita, huenda akamwona mchimbaji mdogo aliyeshika fimbo ndefu yenye duara la waya mwishoni, spika zikiwa masikioni. Kabla hajaanza kusaka dhahabu, mchimbaji huyo hufanya jambo ambalo mgeni huweza kulidhania kuwa mchezo. Huliinua duara lile na kulishusha juu ya udongo mara kadhaa, huku akizungusha kitufe kidogo, mpaka mlio uliokuwa ukisikika unyamaze. Sehemu kubwa ya udongo wa ukanda ule ni mwekundu kwa sababu ya chuma kilichomo, na chuma hicho huijibu koili hata pale ambapo hapana chembe ya dhahabu. Mchimbaji asipokizoesha kifaa chake udongo wa mahali aliposimama, atasikia mlio kila hatua, naye hataweza kutenga dhahabu na mfinyanzi. Akihama kutoka bondeni kwenda mlimani, huanza upya.

Jambo hilo dogo linafanana kwa karibu sana na tatizo linalowashughulisha wanasayansi wa fani iliyo mbali na machimbo, yaani fani ya kupiga picha za ubongo kwa nguvu za sumaku na mawimbi ya redio. Hospitalini kipimo hicho hujulikana kwa herufi tatu tu: MRI. Humo pia mna koili, na koili hiyo nayo hupaswa kurekebishwa kabla ya kazi, ila si kwa ajili ya udongo bali kwa ajili ya kichwa cha mgonjwa. Ufanano huo una mpaka wake, na mwalimu asiuvute kupita kiasi: dhahabu huijibu koili kwa mikondo ya umeme inayozuka ndani ya metali, ilhali ubongo hujibu kwa viini vya hidrojeni. Hata hivyo chanzo cha shida ni kimoja. Kitu kinachopimwa hubadili tabia ya koili inayokipima.

Kutokana na ukweli huo limezuka swali ambalo linastahili kujadiliwa hapa nchini sasa, kabla mashine hizo hazijaenea mikoani. Je, koili ya kichwa inunuliwe ikiwa imefungwa na kupangwa kiwandani, isiguswe na mtu? Au iwe ya kurekebishika, ambayo fundi aliyefunzwa anaweza kuifungua, kuipima na kuirudisha katika hali yake? Jibu linalotetewa na makala haya ni la pili, na sababu zake zinaanzia katika fizikia ya kidato cha tano na cha sita.

Mwili wa binadamu umejaa maji, na kila molekuli ya maji ina hidrojeni. Kiini cha hidrojeni ni protoni moja, nayo ina tabia ya usumaku. Protoni ikiwekwa ndani ya uga wa sumaku wenye nguvu huyumba kama pia ya mtoto inayokaribia kuanguka, ila yenyewe haianguki. Kasi ya kuyumba huko hufuata kanuni nyepesi: kwa kila tesla moja ya uga, protoni huyumba mara milioni 42.58 kwa sekunde, yaani megahezi 42.58. Basi mashine ya tesla 1.5, iliyoenea sana hospitalini, hufanya kazi kwa megahezi 63.9, ya tesla 3 kwa megahezi 127.7; na ya tesla 7, ambayo huhesabiwa kuwa ya uga mkubwa sana, kwa megahezi 298. Mwalimu anayetaka mfano wa karibu na afungue redio. Stesheni za FM hutangaza kati ya megahezi 88 na 108, kwa hiyo mashine ya tesla 1.5 iko chini ya FM na ile ya tesla 3 iko juu yake.

Koili hupeleka kichwani wimbi la redio la masafa hayohayo, kisha wimbi hilo likikatizwa, koili husikiliza mwitiko hafifu unaorudishwa na protoni. Usikilizaji huo hutegemea kanuni aliyoigundua Michael Faraday mwaka 1831, kwamba uga wa sumaku unaobadilika huzusha umeme katika waya. Lakini mwitiko wenyewe ni mdogo mno, na waya mtupu usingeusikia. Ndipo huitwa msaada wa resonansi. Mtoto aliye juu ya bembea akisukumwa kwa wakati unaolingana na mwendo wa bembea, hupaa juu hata kama anayemsukuma hana nguvu; akisukumwa ovyo ovyo, bembea husitasita tu. Koili ikiunganishwa na kapasita hupata "bembea" yake, yaani masafa ambayo huyapokea kuliko mengine yote. Masafa hayo yakilingana na ya protoni, picha hupatikana. Yakitofautiana kidogo, picha hufifia. Yakitofautiana sana, hapana picha.

Paul Lauterbur alionyesha mwaka 1973 namna ya kuunda picha kwa njia hii, na pamoja na Peter Mansfield alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2003. Hao ndio hutajwa vitabuni. Ni nadra kutajwa kwa Cecil Hayes, ambaye mwaka 1985 yeye na wenzake walieleza koili ya kichwa iliyoundwa kwa fito za shaba zilizopangwa kwa mduara, zikiunganishwa na mapete mawili, moja juu na jingine chini. Waliifananisha na tundu la ndege. Msukuma wa Shinyanga angeiona mara moja kuwa ni tenga la kuku. Mpango huo wa fito huugawa uga wa redio karibu sawasawa kichwani kote, na mpaka leo haujaachwa. Katika historia ya sayansi sumaku hupewa sifa zote na koili husahauliwa, kama vile ngoma inavyosifiwa na kamba zake zisitajwe.

Sasa hesabu. Masafa ya resonansi ni f = 1/(2π√LC), ambapo L ni uwezo wa koili na C ni wa kapasita. Duara moja la waya wa shaba wenye unene wa milimita 2, likiwa na kipenyo cha sentimita 10, lina L ya maikrohenri 0.25 hivi. Mwanafunzi akitafuta C inayohitajika atapata pikofaradi 25 kwa mashine ya tesla 1.5, pikofaradi 6 kwa tesla 3, na pikofaradi 1 na ushei tu kwa tesla 7. Atazame tarakimu hizo kwa makini, kwa sababu kiini cha mjadala kimo humo. Pikofaradi 1 ni kiasi ambacho kiganja cha mtu kikisogezwa karibu na waya huweza kukizusha chenyewe. Kadiri uga unavyokuwa mkubwa, ndivyo mwili wa mgonjwa unavyokuwa sehemu ya saketi, apende asipende.

Mafundi hupunguza shida hiyo kwa kulikata duara katika vipande kadhaa na kuweka kapasita kila panapokatwa. Kwa kuwa kapasita hizo ziko mfululizo, kila moja huweza kuwa kubwa zaidi, na mkondo hubaki sawa katika waya wote. Lakini shida haiondoki kabisa. Kichwa ni mfano wa mfuko wa maji ya chumvi, hupitisha umeme. Kikiingia ndani ya koili huyahamisha masafa yake, hula sehemu ya nguvu yake, na huvuruga ulinganifu wake na kebo inayoiunganisha na mashine, hata sehemu ya nguvu inayopelekwa ikarudi ilikotoka. Kwa ajili hiyo koili inayorekebishika huwa na angalau vidhibiti viwili: kimoja cha kuyarudisha masafa mahali pake, na kingine cha kuilinganisha koili na kebo. Huzungushwa kwa bisibisi ya plastiki. Bisibisi ya chuma ikikaribia sumaku ya tesla 3 hupokonywa mkononi na kuruka kama mshale, na yafaa wanafunzi waambiwe hivyo mapema.

Katika tesla 7 huongezeka tatizo la aina nyingine. Hewani, wimbi la megahezi 298 lina urefu wa mita 1 hivi, lakini ndani ya ubongo hufupika mpaka sentimita 13 hivi, kwa sababu ya maji. Kichwa cha mtu mzima ni kirefu kuliko hapo. Matokeo yake ni kwamba mawimbi hukutana ndani ya kichwa, mahali pengine yakiongezana na mahali pengine yakiuana. Katikati ya picha hung'aa, kwenye panja na sehemu ya chini ya kisogo huingia giza, na daktari asiyejua fizikia hiyo huweza kudhani giza lile ni ugonjwa. Dawa yake ni kuigawa koili katika sehemu nyingi, kila sehemu ikirekebishwa nguvu na wakati wa wimbi lake peke yake, ili jumla yake iwe sawa kichwani kote. Pia hapo pana hatari. Wimbi la redio hupasha moto. Kwa matumizi ya kawaida, mpaka wa kimataifa ni wastani wa wati 3.2 kwa kila kilo ya kichwa. Ndiyo maana mtu haruhusiwi kujaribu koili mpya kwa kichwa cha mwenzake. Hata mashine ya tesla 11.7 iliyojengwa Saclay, Ufaransa, yenye sumaku ya tani 132, ilipotoa picha zake za kwanza mwaka 2021 kilichowekwa ndani kilikuwa boga. Picha za ubongo wa binadamu zilifuata mwaka 2024.

Hayo ni ya Ufaransa. Yanawahusuje watu wa Shinyanga na Geita? Yanawahusu kwa sababu vichwa havilingani, na vya huku vina habari zake.

Kichwa cha mtoto mchanga kina mzunguko wa sentimita 35 hivi. Cha mtu mzima hukaribia sentimita 56. Kwa ujazo, cha mtoto ni kama robo tu ya cha mtu mzima. Koili iliyopangwa kiwandani kwa kichwa cha mtu mzima ikimpokea mtoto huyo, kichwa chake huelea humo kama punje ya choroko ndani ya kibuyu: koili iko mbali na ubongo, na mwitiko hupungua kwa kila sentimita ya umbali. Kinyume chake ni mtoto mwenye ugonjwa wa kichwa kikubwa, ambao maji ya ubongo hujikusanya yasipate njia ya kutoka. Huyo ndiye hasa anayehitaji picha kabla ya kupasuliwa, na huyo ndiye ambaye kichwa chake huweza kukataa kuingia katika koili ngumu ya kipimo kimoja. Kuna na jambo ambalo mabwana wa viwandani huenda hawalifikirii sana: mama aliyesuka rasta nene. Nywele zile huweka nafasi kati ya koili na fuvu pande zote, na koili iliyobana kichwa kama kofia haitamwenea. (Wanafunzi wengi wa sekondari wasome sentensi hiyo kwa furaha, maana wao vichwa vimenyolewa na wangekuwa wagonjwa wepesi kupimwa.) Koili ambayo vipande vyake husogezwa ndani na nje, kisha kurekebishwa masafa yake, ingewafaa wote watatu.

Uzito wa suala hili si wa nadharia. Geita na Shinyanga ni miongoni mwa mikoa ambayo malaria ni nyingi kuliko wastani wa taifa, na malaria inayopanda kichwani huua watoto. Huko Blantyre, Malawi, mashine ya tesla 0.35 ilifungwa mwaka 2008, na mwaka 2015 Terrie Taylor, Karl Seydel na wenzao wakatangaza walichokiona. Kati ya watoto 168 waliougua malaria ya ubongo na kupigwa picha, 25 walifariki, na 21 kati ya hao 25 ubongo wao ulikuwa umevimba vibaya walipofikishwa hospitalini. Miongoni mwa waliopona, 27 kwa 100 tu ndio waliokuwa na uvimbe wa namna hiyo. Kwa muda mrefu wataalamu walikuwa wakibishana kuhusu kinachowaua watoto hao hasa. Jibu lilianza kuonekana wakati mashine ilipowekwa palipo na wagonjwa. Na izingatiwe kwamba mashine yenyewe haikuwa ya uga mkubwa. Ilikuwa na nguvu chini ya robo ya ile ya kawaida.

Yafaa pia kuonya juu ya matumaini yasiyo na msingi. Katika machimbo ya dhahabu watu hushika zebaki kwa mikono na kuvuta mvuke wake wanapoichoma, na uchunguzi uliofanywa Rwamagasa mwaka 2003 chini ya mpango wa Umoja wa Mataifa uliwakuta wachimbaji wenye dalili za sumu hiyo. Isidhaniwe kwamba MRI itamfichulia daktari kila mwenye sumu ya zebaki. Mvuke wa zebaki huweza kumfanya mtu atetemeke mikono na picha ya ubongo wake isioneshe kitu. Kipimo cha mkojo na macho ya daktari hutangulia. Mashine ya gharama kubwa haipaswi kuombewa kazi isiyoiweza.

Wapo wanaopinga koili za kurekebishika, na hoja zao si za kubezwa. Husema kwamba kila kidhibiti ni kitu kimoja zaidi cha kuharibika. Kwamba muda wa kurekebisha huongeza muda wa mgonjwa kulala ndani ya mashine, na mtoto mgonjwa hatulii. Kwamba muuguzi au mpiga picha asilazimishwe kuwa fundi wa redio. Tena wanaongeza kuwa koili nyingi za kupokea zilizoko hospitalini zimepangwa kiwandani mara moja tu, nazo hutoa picha nzuri. Hilo la mwisho ni kweli kwa tesla 1.5, ambapo kichwa hakiisumbui koili sana. Si kweli kwa kiwango hichohicho kadiri uga unavyopanda, kama tarakimu zile za pikofaradi zinavyoonyesha. Kuhusu muda, marekebisho huweza kufanywa na umeme wenyewe kwa kutumia dayodi ambayo uwezo wake hubadilika kwa volti, pasipo mtu kuzungusha chochote.

Lakini hoja iliyo nzito kuliko zote wapinzani hawaitaji. Koili iliyofungwa ikiharibika haitengenezwi hapa. Hupakiwa kwenye sanduku na kurudishwa ng'ambo. Mwaka 2011 Lora Perry na Robert Malkin walichapisha hesabu iliyoonyesha kwamba karibu vifaa 40 kati ya kila 100 vya hospitali katika nchi zinazoendelea vilikuwa havifanyi kazi. Mgonjwa kutoka Geita anayepelekwa Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Bugando, Mwanza, tangu Juni 2025 hupita juu ya Daraja la J. P. Magufuli kati ya Kigongo na Busisi, wala hangoji tena kivuko. Saa zilizookolewa darajani zitakuwa na faida gani endapo mgonjwa atafika na kuambiwa koili imekufa kwa sababu kapasita moja, ndogo kuliko punje ya mchele, imepata ufa? Sumaku ni nzima, kompyuta ni nzima, umeme upo, na picha haipo. Katika koili inayorekebishika, fundi hupima, hubaini kipande kilichohama, hubadilisha kapasita, huyarudisha masafa, na kazi huendelea kesho yake.

Sumaku yenyewe, kwa kweli, si jambo la kutengenezwa hapa kwa siku za karibu. Zile za uga mkubwa hupozwa kwa heli iliyo katika hali ya umajimaji, kwenye nyuzi 269 chini ya sifuri. (Heli imegunduliwa Rukwa, na habari zake zilitangazwa mwaka 2016; lakini kuwa na gesi chini ya ardhi si kuwa na sumaku, kama watu wa Mwadui na Geita wanavyojua vizuri kuhusu almasi na dhahabu.) Koili ni jambo jingine. Ni shaba, kapasita, plastiki na akili. Sharti lake gumu ni moja, kwamba visiwepo vipande vya nikeli au chuma. Kapasita nyingi za kawaida za dukani zina nikeli kwenye ncha zake, nazo hupindisha picha, kwa hiyo lazima ziagizwe zile zisizovutwa na sumaku. Hata hizo si mzigo wa kuushinda mfuko wa taasisi.

Na mikono ipo. Katika miji ya machimbo, kuanzia Kahama hadi Katoro, mota za makarasha na za pampu za maji huungua, na mafundi wa kuwaindi hukaa vibandani wakisuka upya waya za shaba kwa ustadi ambao wahandisi wengi wenye vyeti hawana. Wanajua kwa vidole kwamba idadi ya mizunguko na unene wa waya hubadili tabia ya koili. Wasichopewa ni nadharia ya masafa ya juu na chombo cha kupimia. Chombo hicho zamani kilikuwa cha maabara za matajiri. Leo kipo kinachotoshea kiganjani, kiitwacho NanoVNA, ambacho hununuliwa kwa chini ya dola 100 za Marekani.

Kwamba jambo hili linawezekana Afrika Mashariki si ndoto. Mwaka 2022, katika Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara, Uganda, Johnes Obungoloch na wenzake, wakishirikiana na wataalamu kutoka Uholanzi na Marekani, waliunganisha mashine ya MRI ya kichwa kwa siku 11. Uga wake unatokana na sumaku ndogo ndogo za kudumu zilizopangwa kwa duara, bila heli, nao ni tesla 0.05 tu. Kusudi lake la kwanza ni watoto wenye vichwa vikubwa. Masafa yake ni megahezi 2 na kitu, na koili yake ni waya uliosukwa mizunguko mingi kukizunguka kichwa. Huko chini koili haisumbuliwi na urefu wa wimbi, ila inasumbuliwa na kelele za redio na nyaya za umeme. Bado hurekebishwa kwa kanuni ileile ya L na C. Anayejifunza koili ya Mbarara leo amekwisha kuanza kujifunza koili ya tesla 7, na anayedharau ile ndogo kwa kuwa si ya "kisasa" hataielewa ile kubwa itakapokuja.

Kwa hiyo mambo mawili yanapaswa kufanywa. La kwanza ni la wanunuzi: mkataba wowote wa mashine mpya udai michoro ya saketi za koili, kapasita za akiba, na mafunzo kwa mafundi wa hapa, na koili zenyewe ziwe za vipimo zaidi ya kimoja au za kurekebishika. Muuzaji atakayekataa kutoa mchoro ameshasema anakusudia nini. La pili ni la shule. Kwa miaka mingi majaribio ya fizikia yamekuwa ya pendulamu, kitalu cha kioo na daraja la mita. Ni mazuri, lakini mwanafunzi huweza kumaliza kidato cha sita akiwa na kanuni ya resonansi kichwani bila kuiona ikitokea hata siku moja.

Jaribio la kuiona halihitaji sumaku, wala heli, wala ruhusa ya hospitali. Mwalimu achukue duara lile la waya wa milimita 2, lenye kipenyo cha sentimita 10, aliunganishe na kapasita ya kuzungusha kwa skrubu inayofikia pikofaradi 30. Kitanzi kidogo kilichounganishwa na chombo cha kupimia kiwekwe karibu, bila kugusa. Kwenye kioo cha chombo utaonekana mstari unaoshuka ghafla kama korongo, karibu na megahezi 64: hayo ndiyo masafa ya koili. Kisha kibuyu kilichojazwa maji yenye chumvi kidogo kisogezwe polepole mpaka kiguse waya. Korongo litahama kutoka mahali pake na kina chake kitapungua, darasa zima likitazama. Mwanafunzi mmoja apewe bisibisi ya plastiki alirudishe. Akishafaulu, kibuyu kiondolewe na mahali pake liwekwe boga, na bisibisi akabidhiwe mwanafunzi wa pili.